Muulize Sista: Kiwanja msikiuze kwanza

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja: mgonjwa wetu wa unga (heroini) au wa pombe tumpeleke wapi? Kwa wasionifahamu, mimi ni muuguzi mstaafu wa afya ya akili, na miaka yangu ya mwisho kazini nilikaa dirishani, pale dawa inapotolewa, kwenye kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa ya kumtibu aliyekamatwa na heroini, hapa Dar es Salaam. Nimechukua barua nne. Majina nimeyaondoa.

SWALI: Shikamoo Sista. Naishi Mbagala, nina watoto wanne. Wa pili ana miaka 27, alikuwa konda wa daladala. Alianza na kokteli, ile bangi inayochanganywa na unga, sasa hivi anajidunga. Ameuza mtungi wa gesi, feni, hadi vitenge vya sare ya harusi ya dada yake. Jirani katuletea namba ya sobahausi moja, nyumba ya kukaa wanaoacha unga, iliyo nje ya mji. Wanataka laki tatu na nusu kwa mwezi, miezi sita, nusu ilipwe mbele, na wanasema watakuja na gari kumbeba usiku akiwa amelala. Baba yake mdogo yuko tayari kuuza kiwanja chake cha Mkuranga. Tuuze?

JIBU: Marahaba, mama. Pole sana. Kiwanja msikiuze kwanza.

Kabla hujampa mtu hata shilingi, nenda asubuhi hospitali ya rufaa ya mkoa ya Temeke, uulize kliniki ya methadoni iko upande gani. Kwa aliyekamatwa na heroini, matibabu hayo ni bure. Nashangaa hadi leo watu wanauza mashamba bila kujua hilo, wakati huduma ilianza Muhimbili tangu Februari 2011, ikafuata Mwananyamala, ikaja Temeke, na siku hizi ipo hadi Dodoma pale Itega, Mbeya, Mwanza, Tanga na Bagamoyo. Unguja waulize hospitali ya Kidongo Chekundu.

Nenda hata kama kijana amekataa kufuatana na wewe. Uliza wapya wanapokelewa siku gani, halafu uliza ni asasi ipi inazunguka vijiwe vya Mbagala. Hilo swali la pili usilisahau. Asasi hizo zina vijana ambao wengi walishatumia unga wenyewe, wanajua maskani zote, na neno lao kwa teja lina uzito kuliko kilio chako na mahubiri yangu. Mara nyingi wao ndio wanaomleta mtu kliniki na kumtambulisha.

Akifika, ataulizwa anatumia nini, tangu lini, mara ngapi kwa siku. Mkojo utapimwa. Atapimwa virusi vya UKIMWI, kifua kikuu na homa ya ini, kwa sababu sindano ya kuchangia inabeba mengi. Wataomba pia ndugu mmoja wa kusimama naye. Awe mtu mwenye subira. Nakuomba asiwe huyo baba mdogo kama ana mkono mwepesi. Na asije akiwa amelewa au amezima. Anayesinzia hapewi dozi, maana methadoni juu ya unga au pombe inaweza kumzimisha pumzi.

Dozi ya kwanza ni ndogo, kwa kawaida kati ya miligramu 15 na 30, inapandishwa polepole kwa majuma. Hapa ndipo familia nyingi zinapokata tamaa. Wiki ya kwanza bado ana arosto, yale mateso ya kukosa unga: mafua, miayo, vipele vya baridi, tumbo la kuharisha, mifupa inamuuma, halali. Anarudi kijiweni kuongezea kidogo, nyumbani mnasema “dawa yenyewe haifanyi kazi.” Inafanya, ila haijafika kiwango chake. Mwambie amweleze daktari ukweli kwamba ameongezea. Hawatamfukuza kwa kusema kweli, na wakijua ndipo watajua dozi ipande au isubiri.

Dirishani kazi inakwenda hivi. Anataja namba yake, muuguzi au mfamasia anamwangalia macho na kumwuliza mawili matatu, dawa inapimwa kwenye kikombe kidogo, anakunywa mbele yangu, kisha namwambia, “Haya, niambie umeamkaje.” Hapo sikuwa na haja ya habari za nyumbani. Aliyeficha dawa mdomoni ili akauze nje hawezi kunijibu vizuri. Wakongwe walikuwa wananisalimia kabla sijauliza, kwa sauti ya kusikika barabarani, kunikomoa.

Methadoni inakaa mwilini siku nzima na zaidi, kwa hiyo anakunywa asubuhi na kwenda zake kazini. Nimeona makonda wakirudi kwenye gari zao, mafundi rangi, mama ntilie. Watakaokwambia kwamba amebadilisha unga kwa unga mwingine, waulize mtu wa unga anayeamka, anakunywa kikombe kimoja, halafu anashinda kazini hadi jioni bila kutafuta kete walimwona wapi. Ila usimwulize kila wiki “utaacha lini hiyo dawa?” Wengi wanakunywa mwaka, miwili, wengine zaidi, na kushuka ni kwa mpango wa daktari. Anayekatiza mwenyewe kwa sababu ndugu wamemsema, wengi niliwaona wakirudi maskani.

Gharama yenu kubwa itakuwa nauli. Kila siku, kwenda na kurudi, Jumapili na sikukuu pia, mpaka atakapoaminika kupewa dozi ya kwenda nayo nyumbani kama kliniki yenu inatoa. Huyo baba mdogo mwenye moyo wa kuuza kiwanja, mwambie achangie nauli.

Unaogopa polisi? Kliniki ni hospitali, haipeleki mgonjwa kituoni. Na ukitaka kuuliza kwa simu, piga 119, ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, haina malipo. Watu wanaikwepa kwa kuwa ndiyo hiyo hiyo inayopokea taarifa za wauzaji, lakini ushauri wa tiba pia wanatoa.

Sasa sobahausi. Sizipingi zote. Zipo zilizowanyanyua watu, hasa Unguja na Bagamoyo, na kijana anayetaka kuondoka kabisa kwenye mtaa wake anaweza kufaidika kukaa mbali miezi kadhaa na watu waliopita njia hiyo. Ila kuna nyumba ni stoo ya binadamu. Nendeni muione mchana, bila kutoa taarifa. Ulizeni kibali. Halafu ulizeni swali moja: usiku wa kwanza, arosto ikimpanda, mnamfanyia nini, na nani anakaa naye? Wakikujibu kwa jina la daktari au muuguzi na hospitali wanayoitegemea, endeleeni kuongea. Wakisema “tunamfunga mpaka itulie,” au “anamwagiwa maji,” ondokeni. Nimewauguza vijana wenye vidonda vya minyororo vifundoni. Nyumba inayokataza ndugu kumwona mgonjwa mwezi mzima, nayo siiamini.

Na hilo la kumbeba usiku na gari, mama, kwangu ni utekaji. Akirudi hatakuamini tena, na wewe ndiye atakayekuhitaji.

Jambo la mwisho kwako, na uwaambie wote hapo nyumbani. Hatari kubwa ya kufa huja baada ya kukaa bila kutumia: ametoka sobahausi, au ametoka mahabusu, mwili umesahau, anarudia kipimo chake cha zamani. Mkimkuta haamki, midomo imekuwa ya bluu, anakoroma kwa shida au pumzi zinapishana sana, mlazeni ubavu, mumwahishe hospitali na mseme wazi kwamba ni unga. Ipo dawa ya kumzindua, inaitwa naloksoni, na wakijua mapema ni dakika chache tu. Maziwa msimnyweshe, chumvi msimpe, na msimwache peke yake eti alale itaisha.

SWALI: Sista, niko Moshi. Mume wangu ni mwalimu, ana miaka 48. Zamani ilikuwa mbege ya jioni na wenzake, sasa anaamka na pombe kali, asipopata mikono inatetemeka hawezi kushika chaki. Mchungaji amesema tumfungie ndani siku tatu kwa maombi. Shoga yangu naye kaniambia kuna vidonge vya kuchanganya kwenye chakula kimyakimya, akinywa atatapika mpaka aichukie. Nifuate kipi?

JIBU: Vyote viwili vinaweza kumuua, dada yangu.

Watu wanadhani unga ndio wa kutisha na pombe ni ya kawaida. Kwenye kuacha ghafla ni kinyume. Arosto ya unga inamtesa mtu anatamani kufa, lakini mtu mzima mwenye afya na anayenyweshwa maji kwa kawaida haimuui. Pombe ikikatwa ghafla kwa mtu aliyefika hatua ya mume wako, kutetemeka kunaanza ndani ya saa chache, degedege linaweza kumjia ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuanzia siku ya pili au ya tatu anaweza kuchanganyikiwa kabisa, homa, jasho, anaona wadudu ukutani, mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Siku tatu za mchungaji ndizo hizo hizo. Mchungaji aombee hospitalini, namheshimu, aje na mafuta yake akae kitandani.

Vidonge vya shoga yako navijua, ni disulfiramu. Ni dawa halali, daktari humpa mtu aliyekubali, aliyepimwa moyo na ini, na anayejua kwamba hata tone hapaswi kugusa. Ukimwekea mtu kwenye ndizi nyama bila kujua, akaenda kunywa kama kawaida yake, uso unawaka, anatapika, moyo unadunda, presha inashuka. Wengine hawainuki. Na wewe utajibu nini polisi?

Mpeleke hospitali ya Mawenzi, mwulizie kitengo cha afya ya akili, au hospitali ya KCMC kama ni jirani. Mpaka siku ya kwenda usimnyime ghafla. Kunywa kidogo kidogo hadi mlangoni pa daktari ni salama kuliko kukatishwa sebuleni. Najua neno hili litanitafutia ugomvi na baadhi yenu. Huko watampa dawa za kutuliza kwa siku kadhaa, zikipunguzwa taratibu, pamoja na sindano za vitamini B1, maana walevi wa muda mrefu hawali na ubongo wao unaumia kwa kukosa hiyo vitamini. Mweleze daktari kiasi anachokunywa bila kupunguza kwa aibu. Ukisema “anakunywa kidogo tu,” watampa dawa ya mtu anayekunywa kidogo.

Akitoka, asipelekwe peke yake kwenye msiba wala kipaimara kwa miezi ya mwanzo. Kwa Uchagani najua naomba kitu kigumu. Duka la jirani nalo lina vile vichupa vidogo vya pombe kali. Viroba vya plastiki vilipigwa marufuku 2017, na watu wakahamia chupa.

SWALI: Nakunywa methadoni mwaka wa pili, nilikuwa nimetulia. Mwezi uliopita nimekutwa na TB, nimeanza dawa. Tangu hapo kila alfajiri naamka na arosto kama zamani. Wenzangu wanasema wananipunja dirishani.

JIBU: Hawakupunji. Ndani ya dawa za TB kuna rifampisini, na hiyo inalifanya ini liondoe methadoni haraka, ndiyo maana alfajiri imeshakwisha mwilini. Zipo pia baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye tabia hiyo. Kesho ukifika, kabla ya kunywa, mwambie muuguzi kwamba umeanzishwa dawa za TB na tarehe uliyoanza, dozi itapandishwa. Dawa za TB usiziache hata siku moja. Ukizimaliza, rudi useme tena, kwa sababu ini likitulia ile dozi iliyopandishwa inakuwa kubwa mno, na hutajua kama imezidi mpaka unasinzia kwenye kiti cha daladala. Na hivyo vidonge vya valiamu mnavyouziana nje ya geti ili “kuiamsha” dawa, achana navyo. Nimeona watu wakilala navyo wasiamke.

SWALI: Mimi niko Mombasa, ndugu yangu anadungwa huko Kisauni kila siku na marafiki zake. Huku kwetu kuna huduma kama hizo mnazoziandika?

JIBU: Zipo, na kwenu ni karibu kuliko unavyodhani. Kisauni penyewe pana kliniki ya methadoni, na Malindi pia iko kwenye hospitali ya serikali. Nairobi ilianza hospitali ya Mathari mwishoni mwa 2014. Piga 1192, ni ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, na haina malipo, wakuelekeze na kwa mambo ya pombe pia. Tafuta na wale wanaogawa sindano safi mtaani. Usiwakasirikie. Ndugu yako leo hii hajawa tayari kuacha, ila akichukua sindano kwao kila wiki atakuwa na mtu anayemjua kwa jina, na siku akisema “nimechoka,” huyo ndiye atakayemshika mkono hadi kliniki. Nenda ukamwone mtu huyo, umwachie namba yako ya simu.