Maswali na majibu: Ngumi na tafakuri ya watawa wa Shaolin

Ni kweli kwamba Bodhidharma ndiye aliyeanzisha kung fu ya Shaolin? Mwalimu wetu hutuambia hivyo kila siku. (Msomaji, Tanga)

Hapana, ingawa hadithi hiyo inasimuliwa hata na watu wa Shaolin wenyewe. Shaolin ni monasteri ya watawa wa Kibuddha, na iko kwenye Mlima Song, Dengfeng, jimbo la Henan nchini China. Ilijengwa mwaka 495 kwa amri ya mfalme Xiaowen, na aliyejengewa ni mtawa mwingine kutoka India, Batuo. Bodhidharma, naye mtawa anayesimuliwa kutoka India, ambaye Wachina humwita Damo, alikuja baadaye. Anaheshimiwa kama baba wa Chan, madhehebu ya Kibuddha ambayo Wajapani huyaita Zen, na inasimuliwa kwamba alikaa pangoni miaka 9 akiutazama ukuta.

Maandishi ya kale yanamweleza kama mwalimu wa tafakuri. Habari za ngumi hazimo. Aliingizwa kwenye habari za ngumi na kitabu cha mazoezi kiitwacho Yijin Jing, chenye dibaji inayojidai kuwa ya mwaka 628. Tang Hao, mwanahistoria wa sanaa za mapigano wa China, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonyesha kuwa madai hayo ni ya kughushi. Kitabu ni cha karne ya 17. Mimi naona ukimfanya Damo kocha wa ngumi unamshusha hadhi. Alichowaachia watu ni kazi ngumu kuliko kupigana: kukaa kimya na kuitazama nafsi yako bila kukimbia.

Kama si yeye, mapigano yaliingiaje kwa watu walioapa kutoua kiumbe?

Yaliingia kupitia mashamba. Monasteri ilikuwa na ardhi, na mali hiyo iliwavuta majambazi, ambao mwanzoni mwa karne ya 7 waliivamia na kuichoma moto. Mwaka 621 watawa walimsaidia Li Shimin, ambaye baadaye alitawala kama mfalme Taizong wa ukoo wa kifalme wa Tang, dhidi ya Wang Shichong, mpinzani wake katika kugombea utawala. Wang alikuwa ameteka shamba lao. Jiwe lililochongwa mwaka 728, ambalo bado limesimama pale, lina orodha ya watawa 13 waliotambuliwa kwa kazi hiyo.

Lakini jiwe halisemi walipigana kwa mtindo gani. Ufundi wenyewe unaanza kusifiwa karne ya 16, na silaha iliyosifiwa ni fimbo ndefu. Mwaka 1553 watawa wapiganaji walikuwa pwani ya mashariki wakipambana na maharamia. Miaka michache baada ya 1600, Cheng Zongyou, mwanafunzi aliyekaa nao zaidi ya miaka 10, aliandika mwongozo wa fimbo ya Shaolin. Mapigano ya mikono mitupu, hayo tunayoyaona leo kwenye filamu, yalikomaa baada ya hapo.

Suala la kiapo halikuwa jepesi kwao. Wana hadithi ya mpishi mnyonge wa jikoni aliyetoka na kijiti cha kuchochea moto, akageuka jitu na kuwafukuza waasi. Kisha ikajulikana kuwa alikuwa kiumbe mtakatifu, mlinzi wa monasteri. Kwangu hadithi hii inaonyesha dhamiri inayojua kuwa kupiga kunahitaji ruhusa kubwa kuliko hasira ya mtu.

Lengo la kiroho ni lipi hasa?

Shaolin husema Chan na ngumi ni kitu kimoja. Kuanzia karne ya 17 mazoezi ya ngumi yalichanganyika na mazoezi ya kale ya pumzi ya Wachina, mengine ya Kitao (dini ya kale ya China), na kupigana kukawa pia njia ya afya na ya kujisafisha moyo. Simama kwenye mabu, mkao wa mpanda farasi, magoti yamekunjwa. Baada ya muda mapaja yanawaka na akili inaanza kutafuta visingizio. Hapo ndipo somo lilipo: unayaona maumivu, unavisikia visingizio, unabaki na pumzi yako. Katika ukumbi mmoja wa monasteri sakafu ya matofali ina mashimo, na inasemekana yamechimbwa na miguu ya watawa kwa kurudia mazoezi.

Shaolin ya leo ni ileile?

Majengo mengi ni mapya. Mwaka 1928 majeshi ya mbabe wa vita Shi Yousan yaliichoma, na filamu ya mwaka 1982 aliyocheza Jet Li ndiyo iliyorudisha umati. Shule kubwa za kung fu za Dengfeng ni za michezo. Vijana wengi wanaosoma humo si watawa.

Mimi ni Mwislamu. Nikijifunza, nitakuwa nimeingia dini nyingine?

Mbinu peke yake haikuingizi popote. Wahui, Waislamu wa China, wana mtindo wao mashuhuri wa chaquan, na bingwa wake Wang Ziping alikuwa Mwislamu. Angalia salamu tu. Ngumi ndani ya kiganja ni adabu ya kawaida ya Kichina. Kiganja kimoja mbele ya kifua ni salamu ya kitawa, inayohusishwa na Huike, mwanafunzi anayesimuliwa kujikata mkono mbele ya Damo. Ukikuta picha ya Damo ukutani na unaambiwa uiinamie, mweleze mwalimu kwa heshima kwamba hutafanya hivyo. Mwalimu mzuri atakuelewa.