Gramafoni ya mjomba inataka katriji gani?

SWALI: Habari fundi. Mjomba wangu aliniachia gramafoni ya Garrard SP25 na santuri karibu mia mbili: nyingi ni benga na rumba za spidi ya 45, LP chache za kwaya, na kikapu kimoja cha zile nzito za 78. Sindano imekatika na katriji yenyewe, kile kijisanduku kinachoshika sindano, haina jina lolote. Kijana mmoja wa muziki ananishauri ninunue katriji ya muving-koili kwa kuwa ndiyo ya wataalamu. Nina Sh 15,000, na amplifaya yangu haina tundu la fono, lile la kuchomekea gramafoni. Ninunue nini? – Msomaji, Section 58, Nakuru.

JIBU: Ndugu yangu, hiyo ya muving-koili iache dukani. Si mbaya, ila haikufai wewe wala mashine yako.

Katriji nyingi utakazokutana nazo ni za sumaku. Sindano ikitikiswa na mfereji wa santuri, sumaku ndogo iliyo nyuma yake inacheza mbele ya koili zilizotulia, na umeme unazaliwa, kama milivoti 3 hadi 5 hivi. Kwa muving-koili mambo yamegeuzwa: koili ndizo zinazocheza. Kwa kuwa ni lazima ziwe nyepesi, nyuzi zake ni chache, na nyingi hutoa nusu ya milivoti au chini ya hapo. Utahitaji kikuza sauti chenye nguvu zaidi, na sindano ikiisha huichomoi kwa vidole ukatia nyingine. Kwa kawaida katriji nzima inarudi kwa mtengenezaji.

Kinachoamua hapa ni mkono wa gramafoni. Sindano imeshikwa na kijiti kinachonesa kama ufito, na ufito huo umebeba mkono mzima. Mkono mzito ukikaa juu ya ufito laini, unayumba polepole kila fundi wa nyumba jirani anapogonga msumari. Mkono mwepesi juu ya ufito mgumu nao unaingilia besi ya muziki. Tunataka myumbo huo uwe kati ya hezi 8 na 12, yaani mara 8 hadi 12 kwa sekunde, chini ya muziki lakini juu ya nyayo za watu na mawimbi ya santuri iliyopinda kwa jua. Hesabu yake: 159 gawanya kwa kipeuo cha pili cha (uzito × unyumbufu). Uzito ni wa mkono, katriji na skrubu pamoja; unyumbufu ni kipimo cha jinsi ufito unavyonesa.

Chukua mfano wa mkono wa chuma wenye uzito tendaji (ule unaohisiwa na sindano) wa gramu 14, ongeza gramu moja ya skrubu. Ortofon 2M Red ina gramu 7.2 na unyumbufu wa 20, kwa hiyo unapata kama hezi 7.5. Iko chini. Audio-Technica AT-VM95E ina gramu 6.1. Kwenye karatasi yake utaona unyumbufu wa 7 ukashtuka, lakini Wajapani hao wanapima kwa hezi 100 na si 10 kama wengine. Ukizidisha mara moja na nusu hadi mbili, ndipo unapata namba ya kulinganisha. Tukiweka 12, myumbo unaangukia hezi 10, katikati kabisa. Ortofon ni katriji nzuri na ningeifunga kwenye mkono mwepesi bila kusita. Kwenye Garrard ya zamani, hapana.

Kuna jambo lingine wauzaji hawalitaji. SP25 hurudisha mkono wenyewe santuri ikiisha, na anayesukuma mtambo huo wa chini ni mkono wenyewe. Katriji laini inayotaka kukandamizwa kwa gramu moja na robo haina ubavu wa kuusukuma: mkono unakwama kwenye mfereji wa mwisho, au sindano inaruka. VM95E inakaa kwenye gramu 2, na hapo mtambo unaitikia, mradi grisi yake haijaganda. Grisi ya miaka hamsini huwa kama nta. Ifute kwa spiriti, kisha tia tone la mafuta mepesi ya cherehani. Usimwagie.

Kwa hiyo nunua VM95E. Sababu yangu kubwa ni hizo santuri zako. Mwili wa katriji hiyo unapokea sindano za aina kadhaa, unachomoa moja na kuchomeka nyingine bila bisibisi. Ile ya E ina ncha ya duaradufu, inasoma vizuri LP za kwaya ambazo pengine zilipigwa Jumapili tu. Benga za 45 ni habari nyingine. Nyingi zimepita kwenye rediogramu za hotelini zenye sindano nzito, upande wa kwanza mara mia, wageuze wa pili mara mia, na kuta za mfereji zimelika. Kwa hizo mimi hutumia ncha ya duara, ile ya VM95C. Inagusa sehemu nyingine ya ukuta na haichokonoi kila kovu. Sauti za juu zinapungua kidogo, gitaa la solo linapoteza ule mng'ao, lakini mkwaruzo unapungua zaidi. Jaribu zote mbili uamue kwa sikio lako.

Za 78 usiziguse kwa sindano hizo. Mfereji wake ni mpana, ncha ya LP inazama hadi chini kwenye vumbi. Ipo sindano ya SP yenye ncha ya maikroni 76 hivi kwa mwili huohuo, nayo inataka gramu 5, kwa hiyo upime upya kila ukibadilisha. Inaweza kusubiri mwisho wa mwezi.

Pesa utakayobakiza itie kwenye priampu ya fono, kikuza sauti kidogo kinachokaa kati ya gramafoni na amplifaya. Hili si la hiari. Santuri inapokatwa, besi hupunguzwa ili mfereji usitanuke, na sauti za juu huongezwa ili zishinde mkwaruzo, kwa kipimo kilichokubaliwa tangu 1954 kiitwacho RIAA. Priampu ndiyo inayorudisha mizani hiyo. Ukichomeka katriji ya sumaku moja kwa moja kwenye tundu la AUX la amplifaya utasikia sauti nyembamba ya mbali, kama mtu anayeimba ndani ya simu.

Ukiambiwa kuna Shure mpya kabisa kwa bei ya kutupa, kumbuka kampuni hiyo iliacha kutengeneza katriji 2018. Inaweza kuwa stoo ya zamani, inaweza kuwa bandia.

Sasa kufunga. Nyaya ni nne: nyeupe na buluu za kushoto, nyekundu na kijani za kulia; nyeupe na nyekundu ndizo za ishara. Vishikio vyake ni vidogo kama punje ya mtama, visukume kwa koleo nyembamba. Kishikio kikikatika, kichomelee kikiwa kimechomolewa. Nilipokuwa nikianza kazi hapa Kibuye, nililehemu waya juu ya pini ya katriji ya mteja kwa haraka. Moto ukapanda ndani, koili ikakatika, upande wa kulia ukanyamaza daima. Nililipa katriji hiyo kwa miezi mitatu.

Gramu 2 zipime kwa mizani ndogo ya kidijiti ya sonara, usiamini namba za kwenye mkono wa zamani. Ukisikia mngurumo unaokoma ukigusa chuma, waya wa ethi haujafungwa kwenye priampu.

Kabla ya kulipa shilingi yoyote, tazama gurudumu la mpira chini ya sahani. Kama gramafoni ililala miaka mingi ikiwa imewekwa kwenye spidi, mpira umebonyea upande mmoja, na utasikia gudum, gudum kila mzunguko hata ukifunga katriji ya laki moja. Lichomoe, liviringishe polepole juu ya kioo. Likiruka mahali, tengeneza hilo kwanza.