Maswali yenu: jouli za umeme, mkaa na samaki

Uniti moja ya umeme ni megajouli 3.6 (jouli ni kipimo cha nishati, mega ni milioni). Maji ya kuoga nayo yanaweza kubeba nishati hiyo hiyo kama joto. Tofauti iko wapi? (Msomaji, Tanga)

Kwa wingi, hakuna. Kwa kazi, ipo kubwa. Umeme utasukuma pampu, utawasha taa, utagandisha barafu. Maji ya nyuzi 40 katika chumba cha nyuzi 25 yatapoa tu. Hata mashine isiyo na dosari haiwezi kugeuza zaidi ya asilimia 5 ya joto lake kuwa kazi. Kwa hiyo ripoti inayojumlisha jouli za kuni, petroli na umeme kama kitu kimoja huwa naisoma kwa shaka.

Mkaa unawaka vizuri kuliko kuni. Si ndio wenye ufanisi? (Morogoro)

Ukianza kuhesabu jikoni, ndiyo. Anzia msituni sasa. Kilo ya kuni kavu ina takriban megajouli 15, ya mkaa 30. Tanuri la udongo mara nyingi hutoa kilo 10 hadi 20 za mkaa kwa kilo 100 za kuni. Tuseme 15: zimeingia megajouli 1,500, zimetoka 450. Zaidi ya theluthi mbili zimepotea gunia halijafika barabarani, na jiko banifu la mjini halizirudishi. Lakini mnunuzi si mjinga: analipia mzigo mwepesi na moshi mdogo. (Fungua dirisha hata hivyo, kaboni monoksidi, gesi ya sumu, haionekani.)

Emergi ni nini? (Kisumu)

Ni nishati yote iliyokwisha kutumika, moja kwa moja au kwa kuzunguka, hadi kitu kikapatikana, ikihesabiwa kama kiasi cha nishati ya jua kilichohitajika. Aliyeijenga hoja hiyo ni Howard T. Odum, mwanaikolojia wa Florida, Marekani. Mwaka 1957 alichapisha hesabu za chemchemi ya Silver Springs: kwa mita ya mraba kwa mwaka, mimea ilizalisha kilokalori 8,833, walao mimea 1,478, walao nyama 67, na wale wa juu kabisa 6. Yaani nyuma ya nishati kidogo ya samaki mla nyama kuna nishati nyingi ya mimea, na hiyo ndiyo emergi huihesabu. Wachumi wengi wanaikataa emergi kwa kuwa haijali uhaba wala matakwa ya mnunuzi. Wana haki, mimi nisingepangia bei ya samaki kwayo. Ila inaonyesha gharama ambayo soko haliilipi.

Nchi ikitumia nishati kidogo kwa kila shilingi ya pato, imeendelea? (Mombasa)

Uliza kwanza saruji na chuma chake vinatoka wapi: ikiviagiza nje, nishati ya kuvitengeneza imehesabiwa kwa nchi nyingine.