Wadogo zangu mnaoogopa kupresenti, hii ni yenu

Kila kipindi cha field na ajira mpya kikifika naletewa vijana wa kuwaelekeza kazi, na kila mara ni yaleyale. Mtu Excel anaichezea, ripoti anaandika vizuri kuliko sisi wakongwe wa hapa Posta, afu Jumatatu asubuhi bosi akisema "haya kijana, tuambie wiki iliyopita ulikuwa na nini", mtu anaganda. Macho kwenye daftari, sauti anaisikia mwenyewe na aliyekaa pembeni yake, nusu dakika kamaliza na hakuna aliyeelewa. Sa naandika hii kwa ajili yenu mnaoanza, maana hapa mjini kupandishwa cheo hakumfuati anayejua tu, kunamfuata anayejua na akasikika. Inauma lakini ndo ilivyo.

Kwanza tuelewane kuhusu mwili wako. Moyo kwenda mbio, mdomo kukauka, viganja kulowa, tumbo kuvurugika, hiyo ni adrenalini inafanya kazi yake, mwili umeona macho mengi yanakutazama ukadhani kuna hatari. Haimaanishi hujajiandaa, wala haimaanishi kuongea sio fani yako. Na kwa watu wengi moyo unadunda zaidi pale unaposubiri zamu yako na ile dakika ya kwanza umesimama, baada ya hapo unaanza kushuka wenyewe. Kwa hiyo kazi yako kubwa sio kuua woga, kazi ni kuivuka ile dakika ya kwanza, basi.

Ndo maana nawaambia vijana wangu, sentensi tatu za mwanzo zijue kwa moyo, hata ukiamshwa usiku wa manane uziseme. Zilizobaki usikremu. Anayekremu hotuba nzima ni kama ushanga, uzi ukikatika sehemu moja zote ziko chini, neno moja likipotea anasimama anatazama dari kama maneno yameandikwa huko. Wewe jua hoja zako tu, tatu au nne, ziandike kwa maneno machache kwenye kikaratasi kidogo kigumu. Kiwe kigumu kweli, maana karatasi ya A4 mkono ukitetemeka inapepea na ukumbi mzima unaiona, kadi ngumu haikusaliti.

Afu sisi tuna bahati ambayo wengi hatuitumii, salamu. Huku kwetu hakuna mtu anasimama akaanza kuongea hivihivi, unasalimia, watu wanaitikia. Sasa angalia umepata nini hapo, umesema maneno ambayo hayana kukosea, sauti yako imetoka, ukumbi umekujibu, umepata sekunde kadhaa za kuvuta pumzi. Itumie. Salimia taratibu, subiri waitikie mpaka mwisho, afu ndo uendelee. Ila ile ya "sijawasikia, habari za asubuhiii" mara tatu naomba muwaachie ma-MC. Na kama ni shughuli yenye meza kuu, majina na vyeo viandike, muulize MC dakika tano kabla, maana mara nyingi mgeni rasmi anatuma mwakilishi na wewe unasimama unamtaja mtu ambaye hayupo. Ukiwa mdogo kwenye orodha ya wasemaji na walokutangulia wameshataja kila mtu, sema itifaki imezingatiwa, songa mbele.

Haya, sasa nije kwenye lile ambalo hatulisemi. Nikikaa na hawa vijana nikawahoji vizuri, nusu yao hawaogopi watu, wanaogopa Kiingereza. Mtu huyohuyo aliyeganda kwenye kikao, mkute saa saba mchana kwa mama ntilie anasimulia mechi ya Simba na Yanga, meza nzima imeacha kula inamsikiliza, mikono inaenda, sauti inapanda na kushuka, anajua wapi anyamaze kidogo ili watu wasubiri. Huyo anajua kuongea! Tatizo lilianzia mbali. Shule ya msingi ya serikali unasoma kwa Kiswahili miaka yote, kidato cha kwanza kila somo limegeuka Kiingereza, ukinyoosha mkono ukakosea darasa zima kicheko, na kuna shule ukiongea Kiswahili unavalishwa kibao shingoni unazunguka nacho mpaka umkamate mwenzio. Ongeza na wale wa R na L, ukitamka "lais" badala ya "rais" ndo jina lako mpaka unamaliza shule. Mtu aliyepita humo kote, leo ukimwambia "jiamini tu" unakuwa hujamsaidia kitu.

Ninachowashauri ni hiki. Andaa kwa Kiswahili kwanza. Mueleze mtu wa nyumbani asiyejua kazi yako, dada, mama mdogo, yeyote, kwamba kesho naenda kusema kitu hiki na hiki, mpaka akuelewe. Akishaelewa maana yake hoja zako zimekaa, sasa ndo uzipeleke kwenye Kiingereza, tena cha sentensi fupi. Hakuna aliyewahi kunyimwa bajeti kwa sababu sentensi zake zilikuwa fupi. Na kama kikao chote ni Watanzania watupu, muulize mwenyekiti kama unaweza kuchanganya, mara nyingi jibu ni ndiyo na utaona wakubwa wenyewe wanapumua. Lafudhi yako iache kama ilivyo, yule anayejifanya katokea London wiki iliyopita anachosha zaidi.

Wapi pa kufanyia mazoezi? Watu wanafikiri ni kioo. Kioo hakikukatizi, hakipigi miayo, hakiulizi swali. Unahitaji watu wa kweli, wachache, mahali ambapo ukikosea hakuna kinachoharibika, na Dar imejaa hizo nafasi, tena bure. Mimi namba moja naipa vikao vya harusi. Najua mnavikimbia kwa sababu ya michango lakini sikilizeni. Jioni, bustani ya baa fulani Sinza au Kijitonyama, viti vya plastiki, watu ishirini hivi, nusu wanachat, soda mezani. Wewe omba ukatibu. Katibu anasimama anasoma muhtasari wa kikao kilichopita, umeshika daftari kwa hiyo macho yana pa kwenda, maneno yameshaandikwa, kazi ni kuyatoa tu yasikike mpaka kiti cha nyuma kwenye kelele za muziki. Ukifika kwenye orodha ya ahadi lazima shangazi mmoja atakukatiza, "we katibu, mimi nshalipa nusu kwa simu mbona hujanisoma?", hapo unajifunza kitu ambacho semina yoyote haikupi, kukatizwa, kujibu kwa heshima, "samahani shangazi, naihakikisha na mweka hazina, nakurudia sasa hivi", na kurudi pale ulipoishia bila kupotea. Vikao viwili vitatu vya hivyo, kikao cha ofisini cha watu nane utakiona kidogo.

Kama harusi huna, kuna jumuiya mtaani, kuna kusoma somo kanisani, kuna VICOBA, kuna kusoma wasifu wa marehemu msibani kama familia imekosa mtu. Na nyie mliopita madrasa na mkasimamishwa kusoma kwenye Maulidi mkiwa watoto wadogo na kanzu zimewazidi, mmeshafanya hili mbele ya umati, mmesahau tu. Hata Bibi Titi Mohamed, kabla hajaanza kuongoza wanawake wa TANU mwaka 1955 na kuhutubia watu, hapa Dar alikuwa anajulikana kwa kuimba kwenye ngoma, kikundi cha Bomba. Sauti ya kusimama mbele za watu alikuwa nayo tayari, siasa ikaikuta.

Kwa mnaotaka kitu cha mpangilio zaidi kuna Toastmasters, klabu za watu kujifunza kuongea mbele za wenzao, hiyo ilianza mwaka 1924 kule Santa Ana, California, kwa mtu anaitwa Ralph Smedley, na klabu zake zipo hapa Dar. Kuna kipengele unapewa mada papo hapo uizungumzie dakika moja mpaka mbili, na kuna mtu kazi yake ni kuhesabu ulivyosema "aa" na "mm". Kwetu angekuwa anahesabu "yaani" na "nanihii", sijui angepumzika saa ngapi.

Kuna mambo mawili ya watafiti nayapenda kwa sababu nimeona yanafanya kazi kwa vijana wangu. Mwaka 2003 Savitsky na Gilovich waliwaambia baadhi ya wanafunzi kabla ya kuhutubia kwamba woga wao hauonekani kwa nje kama wanavyodhani, hao walioambiwa wakaongea vizuri zaidi, na waliowasikiliza nao wakaona hivyo. Kwa hiyo acha kabisa kuanza na "jamani naomba mnisamehe nina woga", walikuwa hawajui, umewaambia mwenyewe. La pili ni la Alison Wood Brooks wa Harvard, 2014, wale waliojiambia kwa sauti kwamba wana msisimko walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie. Kwa lugha yetu, ukiwa koridoni unasubiri usiseme "tulia, tulia", sema "leo nina mzuka". Moyo si unadunda tayari, basi upe kazi.

Vidonge sasa. Nasikia vijana wanapeana siri ya propranolol, wanajinunulia famasi kabla ya usaili. Ile ni dawa ya moyo na presha, na mwenye pumu inaweza kumbana kifua vibaya sana. Kama hali yako ni mbaya mpaka unakwepa shule au kazi nenda kwa daktari, usipewe dozi na mshikaji.

Vidogovidogo: fika mapema usimame pale mbele ukumbi ukiwa mtupu, jaribu maiki. Slaidi ziwe nazo kwenye flashi, kwenye barua pepe, na kichwani, maana umeme ukikatika projekta inakuwa boksi na watu bado wamekukalia. Chagua nyuso tatu zinazotikisa kichwa, moja kila upande na moja katikati, ongea na hizo, yule aliyenuna muache, huenda ana foleni ya Mbagala kichwani.

Maswali ndo yanawatisha wengi kuliko presentesheni yenyewe. Swali likija usilikimbilie, lirudie kwa maneno yako, "kama nimekuelewa unauliza...", umeshapata muda wa kufikiri. Usilolijua sema hilo sina hapa, nitakutumia leo kabla ya saa kumi, na kweli utume. Mkubwa akikubishia mbele za watu, "nashukuru mzee, nalichukua", afu umfuate baadaye ofisini kwake na takwimu zako.

Nyie wa kwetu mnaosoma hii, kikao cha Jumatatu kinaanza saa mbili na nusu. Anayetaka kusoma muhtasari aniambie Ijumaa kabla hatujatoka, nafasi ni moja, na yule binti wa uhasibu ameshaanza kuizungukia.