Baba aliyeshindwa kulala chini ya paa

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeitazama filamu ya Leave No Trace, ambamo baba aliyekuwa askari anaishi msituni na bintiye, na imeniacha na hasira. Walipewa nyumba, baba akapata kazi, binti akaanza kuzoeana na wenzake, kisha baba akamtorosha tena. Huo si ubinafsi? Na je, kisa hicho ni cha kweli?

JIBU: Nianze na swali la pili, kwa kuwa ni jepesi. Filamu hiyo ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Debra Granik, imetokana na riwaya ya Peter Rock iliyotoka mwaka 2009, naye mwandishi aliichota katika tukio la kweli la mwaka 2004, wakati baba na bintiye walipokutwa wakiishi katika msitu wa Forest Park, mjini Portland, Marekani.

Kuhusu ubinafsi, naomba uirudie sehemu ya shamba la miti ya Krismasi. Katika filamu nzima hatuonyeshwi vita hata kidogo. Tunachosikia ni mngurumo wa helikopta unaomkurupusha Will, yaani baba huyo, usingizini. Sasa tazama alikopelekwa na maafisa wa ustawi wa jamii, watu wenye nia njema kabisa: ni shamba ambalo miti iliyokatwa hubebwa kwa helikopta, na kazi yake inamweka karibu na sauti ileile iliyomfukuza mjini. Ndani ya nyumba anaichukua televisheni na kuifungia kabatini. Huyo hadharau hisani aliyotendewa, bali mwili wake haujapata habari kwamba vita vimekwisha.

Hata hivyo, hasira yako ina haki yake. Usiku ule wa baridi kali, Tom, yule binti, anapotetemeka porini, ndipo mapenzi ya baba yanapokaribia kumwua mtoto, na mimi pia sikuweza kumtetea. Vilevile dawa ambazo Will anapewa katika hospitali ya maveterani, yaani askari wa zamani, hazimezi, huwauzia maveterani wenzake wanaoishi kwenye mahema, na fedha hiyo ndiyo inayonunua chakula chao.

Anayelitambua jambo hili mapema kuliko sisi watazamaji ni Tom. Amejifunza kutoka kwa mfuga nyuki kuweka mkono wazi juu ya mzinga bila woga, na anapoachana na baba yake hamlaumu: anamwambia kwamba lile linalomsumbua yeye halimsumbui binti, na kwamba anajua angebaki kama angeweza.

Katika kijiji cha nyumba za magurudumu ambako Tom anabaki kuna mama mmoja ambaye huning'iniza mfuko wa chakula mtini kwa ajili ya mtu anayeishi peke yake ndani ya msitu. Haonekani, lakini chakula huchukuliwa, naye mama huujaza mfuko tena.