Nekesa, kuhusu hiyo ndondi unataka kuanza

Nekesa mama,

Voisi yako imefika, nimeiskiza nikiwa nimekaa na mama yako kwa hivyo ujue jibu lake limetoka kabla ya langu. Anasema mtu amesomeshwa mpaka digrii, ana kazi nzuri ya ofisi hapo Kisumu, halafu anatafuta mahali pa kulipa ndio apigwe uso. Mimi nimecheka kwanza. Halafu nikaona heri nikuandikie kabisa maanake umeuliza vitu vitatu kwa pumzi moja, kama miaka 31 ni kuchelewa, kama uchukue ndondi ama karate ama taekwondo, na kama hiyo kitu itakusaidia ukishuka Kondele usiku, na hizo si za kujibu kwa simu kredo ikiisha katikati.

Kuchelewa hujachelewa. Ndondi za ridhaa za watu wazima mtu anaruhusiwa kupigana kutoka miaka 19 mpaka 40, kwa hivyo hata ungekuwa unatafuta medali bado uko ndani, na wewe hutafuti medali, unatafuta jasho na kuacha kujiskia mnyonge. Faith Ogallo, yule wa taekwondo wa Chuo Kikuu cha Kibabii, alikuwa mtu wa basketboli kwanza, taekwondo ilimpata akiwa chuo, si utotoni, na bado alifika Olimpiki ya Tokyo. Kitu umri unabadilisha ni kupona tu. Kijana wa miaka 17 akiumia kiwiko leo, kesho kutwa anaruka kamba, wewe hicho kiwiko utakiskia wiki mbili. Kwa hivyo usianze na siku tano kwa wiki eti kwa sababu umelipia mwezi mzima na unaona pesa inapotea, siku tatu zinatosha na katikati upumzike. Na usisahau joto la hapo. Huku Nakuru tuko juu karibu mita 1,850, Kisumu ni kama 1,130 na unyevu wa ziwa juu yake, mwili utatoa maji mpaka ushangae, so beba chupa na unywe kidogo kidogo kati ya raundi, usingoje kiu.

Sasa karate ama ndondi. Karate utapata adabu na mpangilio, kuna mikanda, kuna kata, yaani mfululizo wa miondoko iliyopangwa, unazirudia mpaka mwili unakumbuka wenyewe, ukipenda kitu chenye ngazi utaipenda sana. Taekwondo ni miguu zaidi, inataka nyonga zilizofunguka, na kwa mtu anayeshinda kwa kiti miezi ya kwanza ni machozi. Ndondi unapewa mikono miwili basi, inaonekana rahisi mpaka siku ya kwanza unaporuka kamba dakika tatu na kuona ukuta unazunguka. Mimi upendeleo wangu unaujua. Lakini ukitaka ukweli, usichague mchezo, chagua kocha, maanake kocha mzuri wa karate atakufaa kuliko kocha mbaya wa ndondi na hilo nalisema hata kama linaniuma.

Na kocha utamjuaje? Nenda jioni moja bila kulipa, kaa kwa benchi. Usiangalie wale wakali wanaopiga begi mpaka mnyororo unalia, hao wataiba macho yako bure. Mtafute aliyeingia juzi, yule glavu zake bado zinang'aa, uone anafanyiwa nini. Kama ameachwa kwa kona peke yake na begi, toka. Kama amewekwa kwa sparingi, yaani kupigana na mwenzake kwa mazoezi, wiki ya kwanza, toka haraka zaidi. Kuna kocha mmoja tulikuwa naye hapa mjini, jina tuliache, mgeni akiingia tu anavalishwa glavu na kutupwa ulingoni na mtu aliyezoea miaka, eti tuone kama ana moyo. Wengi hawakurudi, na waliorudi walikuwa wamejifunza kitu kimoja, kufumba macho ngumi ikija, na hiyo tabia kuitoa ni kazi ya mwaka. Lakini ukiona kocha anamrudisha mgeni kwa mstari wa sakafu, hatua mbele, hatua nyuma, pembeni, tena, tena, mpaka mgeni mwenyewe amenuna, hapo toa pesa ulipe.

Maneno ya miguu sijayatoa hewani. Philip Waruinge, bondia wa hapa hapa Nakuru, Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alipata shaba tu, lakini ile Tuzo ya Val Barker, inayopewa bondia mwenye ufundi kuliko wote kwa Olimpiki nzima, walimpa yeye na wenye dhahabu wakabaki wanaangalia. Munich 1972 akaongeza fedha. Sisi tuliokuja nyuma pale Madison Square Garden, ule ukumbi wa ndondi wa Nakuru sio wa New York, ukisimama miguu imeganda wazee walikuwa wanakutajia Waruinge mpaka unamchukia jamaa ambaye hujawahi kukutana naye.

Halafu wewe ni wa shoto na hapo makocha wavivu huharibu mtu. Mwenye mkono wa kulia anasimama mguu wa kushoto mbele, mkono wa nguvu uko nyuma. Wewe ni kinyume, mguu wa kulia mbele, ngumi ya kulia ndio jebu, ile ya haraka ya mkono wa mbele, ya kushoto inangoja nyuma. Wapo wanaomgeuza wa shoto makusudi na wana sababu zao, lakini akwambie hiyo sababu, isiwe tu anataka nyote mfanane kwa mstari. Na ukikutana na mtu wa kulia, miguu yenu ya mbele itakuwa inakanyagana, hiyo ni kawaida, wewe hakikisha wako uko nje ya wake, hapo ule mkono wa kushoto unapata njia katikati bila kuitafuta. Ukiutuma, kisigino cha nyuma kigeuke kama unazima kipande cha sigara, nguvu inatoka hapo sakafuni, inapita kiunoni, mkono ni wa kufikisha tu. Jebu nayo irudi kwa njia ile ile ilienda, kidevuni, sio ianguke kwa kiuno, na kila ngumi utoe pumzi, utaskia wenzako wanafanya tss tss usiwacheke.

Kunja ngumi hapo ulipo tuone. Kidole gumba kikae nje, kilale juu ya vile viwili vya mbele, ukikificha ndani kitavunjika. Unatua na vifundo viwili vya kwanza, cha shahada na cha kati. Wageni wengi wanarusha mkono ukizunguka unatua na kifundo cha kidole kidogo, na mfupa ulio nyuma ya hicho kidole ni mwembamba, unavunjika upesi sana, muulize daktari yeyote amewaona wangapi waliopiga ukuta kwa hasira. Ndio maana ya bandeji za kufunga mikono kabla ya glavu. Nunua zile ndefu za mita nne na nusu, anza na kitanzi kwa gumba, zungusha kifundo cha mkono mara tatu, vifundo vya vidole mara tatu, pita katikati ya vidole, rudi ufungie kwa kifundo cha mkono, na wakati wote vidole viwe vimetanuka, ukivibana wakati wa kufunga ukikunja ngumi damu inakatika. Vikianza kuwa zambarau fungua uanze tena. Na tafadhali zifue kila siku, kwa joto la Kisumu bandeji iliyolala ndani ya begi utaijua ukiwa bado mlangoni.

Sasa hapa uniskize kama mzazi. Bondia wetu Robert Wangila alituletea dhahabu Seoul mwaka 1988, na mpaka leo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki Kenya imewahi kupata nje ya riadha, sisi hapa tuliimba mpaka sauti zikaisha. Mwaka 1994 akapigana Las Vegas, ndondi za kulipwa, na siku mbili baadaye akafa kwa kuumia kichwa. Sikutishi, hizo ngumi na jioni zako za jimu ni vitu viwili tofauti kabisa. Lakini tumbo unaweza kulikomaza, shingo unaweza kuitia nguvu, ubongo haukomai kwa kupigwa. Ile kofia ya sparingi inazuia kupasuka na kuvimba, kutikisika kwa ubongo ndani haizuii. Kwa hivyo miezi ya kwanza yote ni kamba, miguu, begi na zile pedi za kocha. Sparingi ije baadaye, glavu za aunsi 16, na mtu anayejua kupima mkono wake, mkubaliane kabla, polepole. Siku kichwa kimeuma baada ya kugongwa, ama unaskia kichefuchefu, ama mwanga unakusumbua, umemaliza mazoezi siku hiyo, unaenda hospitali, na hurudi kwa sparingi mpaka daktari akubali, hata kocha akikuita mwoga. Akikuita mwoga kwa hiyo pia umemjua. Na ukiamua hutaki sparingi maisha yako yote ni sawa pia, begi halina malalamiko.

Kondele usiku jibu langu ni hapana. Mwizi haji peke yake na haji mikono mitupu, mpe simu mama, simu tutanunua nyingine. Tena ndondi haikufundishi ukikamatwa nguo ama kuangushwa chini, hapo judo inajua zaidi. Kile utapata ni kwamba mkono ukija usoni hutaganda, utasogea kabla hujafikiria, na utakuwa na mapafu ya kukimbia mpaka penye taa na watu. Hiyo si kitu kidogo. Lakini boda ya mtu unayemjua inashinda jebu.

Mama yako nilijaribu kumlainisha. Nikamwambia wanawake waliingia ndondi za Olimpiki London 2012 na Kenya tulikuwa na Elizabeth Andiego, halafu Christine Ongare akaleta shaba ya Jumuiya ya Madola 2018 kule Gold Coast. Akaniuliza kama na hao mama zao waliulizwa. Nikatoka nje kuangalia kuku.

Vitu vya kununua si vingi. Glavu za aunsi 12 ama 14, na za mtumba usiguse, nje zinaweza kuwa safi na ndani sponji ilishakufa, utagonga begi na mifupa. Gamshildi, ile kinga ya meno, iwe yako peke yako, unaichovya maji moto kisha unaiuma ishike meno, fuata vile pakiti imeandika. Kamba ya kuruka hata ya duka la kawaida ni sawa. Glavu nitakutumia pesa kwa M-Pesa mwisho wa mwezi, hayo mengine jinunulie. Na siku unaenda kuangalia hiyo jimu nipigie video nimwone huyo kocha, nimwone tu, sitaongea.

Baba yako