Punguza mwanga ndipo uone

Usiku nilioshika tochi kali kuliko zote nilizowahi kuwa nazo ndio usiku niliotumbukia mtaroni.

Nilikuwa nimeinunua juzi yake. Njia nzima nilitembea nayo ikiwa kwenye mwanga wa juu kabisa, nikimulika vilele vya miti, mapaa, hata mawingu. Mwenzangu alivumilia kwa muda, kisha akasema, "Ndugu yangu, hebu punguza hicho kijua chako." Nikacheka. Yeye akabaki nyuma kusudi, akiukwepa mwanga wangu na kutembea kwa mbalamwezi. Kwenye kona nikasikia kitu kikichakura majanini. Nikageuza tochi, nikaona macho mawili ya paka yakiniwakia, nikaridhika, nikazima ili nibane chaji. Hatua ya pili tu mguu wa kushoto ukakosa ardhi, na maji machafu yakanifika gotini. Mwenzangu akaja akanivuta mkono. Mtaro aliuona tangu mbali, akadhani nami nauona.

Mwezi ulikuwa juu na njia ilionekana. Asiyeona ni mimi peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimejipofusha kwa tochi yangu mwenyewe. Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ninavyoitumia, na sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ni kujifunza kuutumia mwanga mdogo.

Jicho linahitaji muda kulizoea giza. Dakika chache za mwanzo utaona nafuu ya haraka, lakini kuzoea kabisa huchukua dakika 20 hadi 30, kwa kuwa ndani ya jicho kuna kemikali inayojijenga polepole gizani, na mwanga mkali ukiingia huvunjika papo hapo. Kwa hiyo kila unapopiga mwanga wa juu kwa sekunde kadhaa "kuangalia tu", unaifuta kazi ya nusu saa. Tena si lazima mtu akumulike usoni. Ukuta mweupe ulio karibu, karatasi unayosoma, majani mabichi yaliyo mita moja mbele yako, vyote vinakurudishia mwanga machoni.

Ninachofanya sasa ni kuanzia chini. Tochi nyingi za kuchaji zina ngazi tatu, nne au tano za mwanga, na ile ya chini kabisa, ambayo dukani unaiona kama mzaha, ndiyo ninayoitumia kuliko zote. Kwa kufunga kamba za viatu, kutafuta funguo mfukoni au kuingiza mkono ndani ya begi, lumeni 5 (lumeni ni kipimo cha mwanga unaotoka kwenye tochi) zinatosha na kubaki. Kwa kutembea njia ya kawaida natumia kati ya 30 na 100. Mwanga wa juu nauweka akiba kwa swali maalumu: kile kule ni nini? Nikishajibiwa, narudi chini. Na kama najua nitaupiga, nafumba jicho moja kwanza. Inachekesha kuitazama, lakini ukizima, lile jicho ulilolifumba linakuwa bado na usiku wake.

Kuna tochi ambazo ukibonyeza tu zinawaka kwa ngazi uliyoiacha mara ya mwisho. Hizo washa ukiwa umefunika kioo kwa kiganja. Nyama ya vidole itang'aa nyekundu kama kaa la moto, nawe utajua uko ngazi gani kabla hujaufungulia mwanga. Wekundu huo hauwasumbui sana wenzako, kwa sababu zile seli za jicho zinazoona gizani haziuhisi vizuri mwanga mwekundu. Ndiyo maana baadhi ya taa za kichwani huwa na balbu nyekundu pembeni.

Sasa nije kwenye namba za kwenye boksi, maana nami ziliniponza. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka, haisemi unaenda wapi. Kinachoamua tochi itafika umbali gani ni ukali wa mwale wake, na huo hupimwa kwa kandela. Tochi mbili zenye lumeni 1000 kila moja zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa: moja inamwaga mwanga kama beseni, nzuri kwa kupiga kambi au kutengeneza kitu, na nyingine inachoma mwale mwembamba hadi ng'ambo ya bonde huku miguuni kwako ukiwa gizani. Tena jicho halihesabu kama kalkuleta. Lumeni 2000 hazionekani kuwa mara mbili ya 1000. Ili mtu ahisi mwanga umekuwa mkali mara mbili, unahitaji karibu mara nne.

Na zile mita je? Watengenezaji wengi hufuata utaratibu wa vipimo unaoitwa ANSI FL1. Umbali unaoandikwa ni pale mwanga unapofifia hadi robo ya laksi, kipimo cha mwanga unaoangukia kitu, yaani takriban mwanga wa mwezi mpevu. Tochi ya kandela 10,000 itaandikiwa mita 200, na ili zifike 400 zinatakiwa kandela 40,000. Nadhani umeona mchezo. Pale mita 200 huoni uso wa mtu, unaona kwamba kuna kitu. Mimi naigawa ile namba kwa mbili ndipo naiamini.

Muda wa chaji nao una hadithi yake. Kwa utaratibu huohuo, saa huhesabiwa hadi mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo, na tochi kali haikai juu. Yangu iliandikwa lumeni 2000. Baada ya dakika mbili shingo yake ilikuwa ya moto kiasi cha kunilazimu kubadilisha mkono, kisha ikajipunguza yenyewe. Nilidhani nimeuziwa kimeo. Kumbe ndivyo zinavyotengenezwa: joto la balbu halina pa kwenda isipokuwa kwenye bati la mwili wake, kwa hiyo kifaa kinashusha mwanga kabla hakijajiunguza. Ukinunua tochi kwa ajili ya mwanga wa juu tu, umenunua dakika chache. Uliza ngazi ya kati inakaa saa ngapi. Huko ndiko utakakoishi.

Kuna jambo jingine ambalo sikuambiwa na mtu: mahali unapoishikia tochi pana uzito kuliko ukali wake. Taa ya kichwani ni nzuri mno kwa kazi za mikono, lakini njiani inalala karibu na macho yako, kwa hiyo vivuli vinajificha nyuma ya vitu vyenyewe na ardhi inaonekana bapa. Shimo, mzizi na jiwe vinafanana. Shusha tochi hadi usawa wa kiuno, au mkono ukiwa umeninginia kabisa, na kila kokoto itatupa kivuli kirefu. Jaribu kwenye njia yenye matuta uone. Mimi kwenye mteremko huivua taa ya kichwani nikaishika mkononi, ingawa wenzangu hunicheka.

Ukungu na mvua vinataka hivyohivyo, tena zaidi. Mwanga wa kichwani kwenye ukungu ni ukuta mweupe mbele ya pua, kwa sababu kila tone linakurudishia mwanga moja kwa moja. Hapo kuongeza lumeni ni kuongeza ukuta. Punguza, shusha mkono, uupeleke mbali na mstari wa macho. Vumbi na moshi ni vilevile.

Kuhusu watu wengine nitasema kwa ufupi ingawa linaniudhi kuliko yote. Usimmulike mtu usoni, hata kwa sekunde ya kumtambua. Mulika miguuni pake. Mwanga utakaoruka kutoka ardhini utatosha kukuonyesha ni nani. Ukiwa na taa ya kichwani na mtu akakuita, zoea kuifunika kwa mkono kabla hujageuka. Barabarani gari likija, elekeza mwanga ardhini mbele ya miguu yako, ili dereva aone kuna mtu anatembea. Ukimpiga machoni, unampofusha mtu anayekuja upande wako na chuma cha tani nzima. Na ule mwanga wa kumetameta uliowekwa kwenye tochi nyingi, mimi nauona ni kero tupu. Kama ni kuomba msaada milimani, ishara inayojulikana ni mimweko sita kwa dakika moja, dakika moja ya kupumzika, kisha tena. Jibu lake ni mitatu kwa dakika. Hiyo unaifanya kwa kidole.

Betri ndiyo moyo wa kitu hiki, na ndiyo yenye uongo mwingi. Nyingi za tochi hizi hutumia betri ya lithiamu inayoitwa 18650, yaani unene wa milimita 18 na urefu wa 65. Nzuri kabisa ya kawaida huishia karibu na mAh 3500, kipimo cha chaji inayobebwa na betri. Ukiona imeandikwa 9900, irudishe ulipoitoa. Hata uzito wake utakwambia: ya kweli ina gramu 45 hadi 50, na za uongo mara nyingi ni nyepesi ajabu mkononi. Plastiki yake ya nje ikichanika au mwili ukibonyea, usijipe moyo, achana nayo.

Kosa langu la pili nililifanya mchana. Niliitupa tochi ndani ya begi bila kuifunga, kitu kikabonyeza swichi, ikawaka juu kabisa ikiwa imegandamana na sweta. Nilistuliwa na harufu. Kitambaa cha ndani cha begi kilikuwa na tundu la duara, kingo zake nyeusi na ngumu kama ganda. Sasa kabla ya kuipakia nalegeza kifuniko cha nyuma robo mzunguko, umeme unakatika. Tochi zisizokatika hivyo mara nyingi zina njia ya kuifunga swichi kwa kubonyeza mara kadhaa. Itafute kwenye karatasi ya maelezo uijue kwa vidole.

Kuchaji hakuna maajabu, ila mambo mawili yamewahi kunisumbua. Baadhi ya tochi zenye tundu la USB-C hazipokei chaji kwa kebo yenye vichwa vya USB-C pande zote mbili, zinataka ile yenye kichwa kipana cha zamani upande wa chaja. Niliwahi kulala nikidhani inajaa, nikaamka ikiwa vilevile. La pili ni joto na baridi. Usiiache ndani ya gari lililoanikwa juani, na kwenye baridi kali kaa nayo ndani ya nguo, wala usiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0. Kama hutaitumia kwa miezi, iache na chaji nusu hivi, si kamili wala si tupu. Nami sitoki tena na tochi moja. Ya pili ni ndogo kama kidole, na kazi yake kubwa ni kunimulikia ninapobadilisha betri ya ile kubwa, kwa sababu kutafuta upande wa chanya gizani kwa kupapasa ni adhabu.

Kuna wakati mmoja tu ambapo naiinua tochi makusudi hadi kwenye kipaji cha uso, sambamba na macho: ninapotaka kujua kuna nani mwingine nje. Macho mengi ya wanyama wa usiku huurudisha mwanga kule ulikotoka, kwa hiyo tochi ikiwa kiunoni huyaoni vizuri. Si paka na mbwa tu. Siku moja nilimulika majani hivyo, kwa mwanga wa kati, nikaona cheche ndogo za kijani, nikadhani ni umande. Nikaifuata moja hadi nikapiga magoti. Alikuwa buibui, mgongo wake umejaa watoto, na kila kitoto kina macho yake, kwa hiyo mgongo mzima ulikuwa ukimetameta kama umenyunyiziwa chumvi. Nikashusha mwanga ngazi moja. Hakukimbia.